Mashine Haijui Kivuli cha Alasiri

Msomaji aliyepitia chuoni anajua kuwa kitabu kina matini na kina sherehe. Sherehe ninayoitaja si ile ya pilau na ngoma. Ni ufafanuzi uandikwao pambizoni, au mwishoni mwa diwani, ili asemalo mtunzi lifahamike. Watunzi wa programu za kompyuta nao wana desturi hii, ila kazi ya kunakili sherehe wameiachia mashine.

Kwa watungao kwa lugha ya Python, mashine mashuhuri ni Sphinx, iliyoundwa na Mjerumani Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008. Mtunzi huandika maelezo mafupi chini ya jina la kila sehemu ya programu yake, nayo Sphinx huyakusanya ikayafanya kurasa. Mwaka 2010 Eric Holscher, Charles Leifer na Bobby Grace wakaunda Read the Docs katika shindano la saa 48. Tangu hapo mtunzi hana haja ya seva yake mwenyewe: kila akibadilisha programu, huduma hiyo huzijenga kurasa upya na kuzitandaza kwenye intaneti, na kwa programu zilizo wazi kwa wote hatozwi kitu.

Raha hiyo ina hila yake. Tuseme kijana ametunga programu ya kuhesabu nyakati za sala. Sphinx ikiachiwa ada yake hupanga majina kwa alfabeti. Basi ukurasa utaanza na adhuhuri, ufuate alasiri, ndipo ije alfajiri, halafu isha, na magharibi iwe mkiani! Ni kama kuzichukua beti za utenzi ukazipanga kwa herufi zao za mwanzo. Dawa ni mstari mmoja katika faili iitwayo conf.py: autodoc_member_order ikipewa thamani 'bysource', mpango wa mtunzi hurudi.

Hilo jepesi. Zito ni la alasiri yenyewe. Mashine itaandika jina la sehemu hiyo, na kwamba kivuli ni 1, basi. Haitasema kuwa 1 ni kauli ya Imamu Shafii, yaani kivuli cha kitu kilingane na urefu wake ukishatoa kile cha jua la utosini; wala kuwa kwa Imamu Abu Hanifa ni 2. Mhanafi wa Karachi akiichukua programu hiyo bila kuambiwa, ataadhiniwa kabla ya wakati wa madhehebu yake. Vijana wengi hukesha wakibadili rangi za kurasa na maumbo ya herufi (nayo yawezekana, kwa faili ya mitindo), na penye alasiri wakapaacha patupu. Sphinx huziruka sehemu zisizo na maelezo; iko amri ya kuzilazimisha zitokee, undoc-members, lakini kwa maoni yangu jina tupu hudanganya kuliko kimya.

Kuna na mtego mwingine. Ili isome maelezo, Sphinx hulazimika kuiamsha programu. Seva ikikosa maktaba ya hesabu za jua ambayo programu inaitegemea, ukurasa hutoka na kichwa tu, na huduma ikatangaza kuwa ujenzi umefaulu. Mwenye hadhari huzitaja maktaba zake katika .readthedocs.yaml, faili ambayo tangu 2023 ni ya lazima, akaongeza humo fail_on_warning: true. Hapo onyo lolote litasimamisha kazi, na kurasa za zamani zitabaki mahali pake.

Na lugha je? Sphinx hutoa maneno ya sherehe katika faili za tafsiri, na Read the Docs huiweka kila lugha kama mradi wake, uliounganishwa na ule wa asili. Kwa hiyo mitambo haimzuii kijana wa Lamu au Kisauni kuiandikia alasiri sherehe yake kwa Kiswahili. Maneno ya kazi hiyo, kivuli, utosi, kupinduka kwa jua, hayahitaji kubuniwa. Kila aliyesomeshwa Safina chuoni anayo.