Digoksini, Kidonge Chenye Ndugu Mshaleni

Katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, daktari John Kirk alipiga mswaki akasikia uchungu mkali mdomoni. Kumbe mswaki ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Akajipima mapigo, akakuta yamepungua. Huyu ndiye Kirk aliyekuja kuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Sumu ile ilipelekwa Edinburgh, Thomas Fraser akaichambua, ikawa dawa ya moyo.

Ndugu wa sumu hiyo yumo hata leo katika maduka yetu ya dawa. Ni digoksini, inayotolewa katika Digitalis lanata, mmea wa maua wa Ulaya. Jamaa yake wa zambarau ndiye aliyeandikiwa kitabu na tabibu William Withering mwaka 1785. Digoksini hupewa, kwa mfano, mtu ambaye vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, vyumba vya juu vya moyo vikawa vinatetema badala ya kupiga. Hupunguza idadi ya amri za kupiga zinazoshuka vyumba vya chini, na huongeza nguvu ya kila pigo.

Hufanya hivyo kwa kuziba pampu ndogo za seli, zile zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Kwenye pampu hizo, dawa na potasiamu hugombea nafasi. Ndiyo maana mgonjwa anayetumia pia furosemide ya kupunguza maji mwilini, akakojoa potasiamu nyingi, anaweza kudhurika kwa kipimo kilekile alichokizoea. Figo zikichoka, dawa hurundikana. Kwinini ya malaria nayo huipandisha katika damu, kwa hiyo mwenye digoksini asinunue dawa nyingine dirishani bila kuitaja.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 0.25 tu, na kati ya kutibu na kudhuru pana nafasi finyu. Ukisahau kimoja, usimeze viwili kesho yake. Dalili za kwanza huonekana za kawaida: chakula hakipandi, kichefuchefu, uchovu. Nyingine ni ya ajabu, kwani macho huona vitu vya njano au kijani, taa zikiwa na duara la mwanga. Hapo moyo huweza kwenda polepole mno au kupiga ovyo. Mgonjwa huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kuizima digoksini ipo, ghali sana, nayo hutengenezwa kwa kingamwili za kondoo.