Silaha za Wazee Si Chuma Chakavu

Katika nchi nyingi za dunia wako watu ambao furaha yao ni kukusanya visu vya kale: masinge ya vita, majambia, sime na visu vya wawindaji. Hulipa fedha nyingi kwa kipande cha chuma ambacho kwa mtu mwingine hakifai hata kukatia mboga. Wananchi wa Shinyanga na Geita huenda wakaiona kazi hiyo kuwa mchezo wa matajiri. Sisi hatuoni hivyo. Vyuma vya namna hiyo vimo majumbani mwao, vimechomekwa darini au vimelala chini ya vitanda vya wazee, na kila mwaka vinapungua. Jambo hili latuhusu sote.

Na tuanze na mfano wa mbali. Huko Marekani hakuna kisu kilichovuma kama kisu cha Bowie. Jina hilo ni la James Bowie, aliyepata sifa kwa ugomvi wa visu uliotokea karibu na mji wa Natchez mwaka 1827, akauawa katika mapigano ya Alamo, Texas, tarehe 6 Machi, 1836. Baada ya hapo watu wengi walitaka kisu kama chake, na viwanda vya mji wa Sheffield, Uingereza, vikafua visu hivyo kwa wingi na kuvipeleka ng'ambo kuviuza. Lakini kisu chenyewe alichokishika Bowie hakuna awezaye kukionyesha kwa ushahidi usiopingika, na visu vya kuigiza vimejaa sokoni. Ndiyo sababu mkusanyaji mwenye akili hanunui chuma tu. Hutafuta alama ya mhunzi. Huuliza kisu kilikuwa cha nani, kilipita mikono gani, na ni nani ashuhudiaye. Majibu yakipatikana, kisu ni hazina. Yasipopatikana, ni chuma.

Nasi tunao wahunzi wetu. Warongo wa Buzinza, katika nchi ambayo leo ni Geita na Sengerema, walikuwa mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto muda mrefu kabla mkoloni hajafika. Majembe yao yalichukuliwa mpaka Usukuma, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka. Kahama nako chuma kiliyeyushwa, na mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa maelezo ya kazi hiyo. Nabii Isaya alitazamia siku ambayo panga zitageuzwa kuwa zana za kulimia. Kwetu mhunzi aliyefua jembe ndiye huyo huyo aliyefua mkuki, mshale na kisu cha kuchinjia. Kwa silaha za namna hiyo, pamoja na bunduki zilizokuja kwa biashara ya pembe, rugaruga wa Mtemi Mirambo walizitia hofu njia za misafara mpaka mtemi huyo alipofariki mwaka 1884.

Baadaye juu ya vyuma vyetu vikaja vyuma vya wageni. Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Crewe yaliuteka mji wa Mwanza mwezi Julai 1916, kisha yakashuka kusini. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Biharamulo, na tarehe 19 Septemba, 1916, yakaingia Tabora. Kwa hiyo nchi ya Shinyanga ilikanyagwa na majeshi ya mataifa matatu katika mwaka mmoja, na wapagazi na askari wa pande zote walikuwa Waafrika. Singe la Kijerumani la zama hizo hutambulikana: mara nyingi mgongoni mwa bapa pana taji, herufi ya jina la mfalme na tarakimu mbili za mwaka, na karibu na mpini pana jina la kiwanda. Singe la Kiingereza la namna ya mwaka 1907 lina bapa la sentimeta 43 hivi. Alama hizo zatueleza chuma kilitoka wapi. Ni mwenye nyumba peke yake awezaye kueleza kilifikaje kwa babu yake: kama kiliokotwa njiani, au kililetwa na mzee aliyerudi vitani hali wenzake hawakurudi.

Maelezo hayo ndiyo yanayopotea. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, na mkuki huwekwa kikapu kimoja na jembe lililovunjika na bomba la baiskeli. Huko Geita tumekwisha jifunza kuihesabu dhahabu kwa gramu. Chuma cha Mrongo twakiuza kwa kilo. Yuko na mnunuzi wa pili, mpole zaidi, ambaye hununua kwa bei ndogo ili akauze nje. Huyo yafaa akumbushwe kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na kwamba hata vile vya baadaye, vilivyotumika katika mila na maisha ya jamii, havitolewi nchini bila kibali cha Serikali.

Wako watakaotuuliza: mnawezaje kusifu visu katika mikoa ambamo mapanga yamemwaga damu ya ajuza waliosingiziwa uchawi, na ya ndugu zetu wenye ualbino? Swali hilo ni la haki, wala hatulikimbii. Panga lililomwua bibi kizee mahali pake ni mahakamani, likiwa kidhibiti. Lakini Shinyanga hiyo hiyo ndiyo iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipoukabili wizi wa ng'ombe kwa pinde, mishale na filimbi, na Chama kikawaunga mkono. Silaha haina dhambi wala wema wa kwake. Mtoto atakayeelezwa kwamba mkuki wa ukoo wake ulilinda zizi na wageni waliolala nyumbani atajua vilevile kwamba kumkata mzee asiye na kinga si ushujaa wa kabila lake wala wa kabila lo lote.

Tufanye nini basi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ndilo tunalolitaka kwanza. Mwalimu wa historia awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao, waandike: chuma hiki ni nini, kilifuliwa na nani, kilifikaje hapa, kilitumika kwa kazi gani. Daftari moja libaki shuleni, jingine kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Asinyang'anywe mtu mali yake. Aliye tayari kutoa au kuazima apewe hati yenye jina lake.

Mahali pa kuvitunza pana mfano tayari. Kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padri David Clement pamoja na Wasukuma walijenga makumbusho ambamo kazi ya uhunzi na vyombo vya watemi vimepata nyumba. Jambo hilo lilikuwa la maana hasa baada ya utawala wa watemi kuondolewa mwaka 1963, vyombo vingi vya enzi vikabaki bila mlinzi. Shinyanga na Geita zaweza kuanza na chumba kimoja kila mkoa, chenye kabati la kioo na kufuli. Makampuni ya migodi, ambayo kwa desturi huombwa madawati na zahanati, yaombwe na hilo. Si kazi ya gharama kubwa.

Wazee wanaojua habari za vyuma hivi si wengi tena. Halmashauri zisingoje bajeti ya chumba ndipo zinunue madaftari.