Uchukuaji wa Sampuli ya Titi kwa Sindano: Mambo ya Kumweleza Mgonjwa katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Nchini Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Mamografia na ultrasaundi huonesha uvimbe, lakini uthibitisho hutolewa na biopsi, yaani uchukuaji wa sehemu ndogo ya tishu ili ipimwe maabara. Makala haya yanafafanua biopsi ya sindano na kubainisha kwamba namna inavyoelezwa kwa mgonjwa ni sehemu ya huduma yenyewe.

Katika mazungumzo ya hospitalini, biopsi huitwa mara nyingi "kukata kinyama". Kitenzi "kukata" humfanya msikilizaji afikirie kisu na upasuaji. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako ukeketaji haujakoma licha ya kupigwa vita kwa miaka mingi, neno hilo linaweza kuamsha kumbukumbu nzito zaidi. Maelezo "kuchukua sampuli kwa sindano" ni sahihi zaidi, kwa kuwa ndicho kinachofanyika.

Sindano hizo ni za aina kuu mbili. Sindano nyembamba hunyonya seli tu. Sindano nene kidogo, yenye kipenyo cha takribani milimita 2, hutoa vipande vyembamba vya tishu. Kabla ya kutumia sindano nene, ngozi hutiwa ganzi. Mgonjwa hubaki macho na husikia mlio mfupi kila kipande kinapochukuliwa. Kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Anapaswa kusema mapema iwapo anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana mzio wa dawa ya ganzi. Michubuko na maumivu kidogo ni ya kawaida. Damu isiyokoma, homa au usaha humlazimu kurudi hospitalini.

Aidha, ipo hofu kwamba sindano husambaza saratani. Seli chache huweza kusogea katika njia ya sindano, lakini haijathibitika kwamba jambo hilo hupunguza uhai wa mgonjwa. Kinachopunguza nafasi ya kupona ni kuchelewa. Vilevile, vivimbe vingi vya matiti si saratani.

Jambo la mwisho ni jibu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, yenye huduma za patholojia na saratani, iko Mwanza, zaidi ya kilomita 250 kutoka Tarime. Sampuli iliyohifadhiwa katika fomalini inaweza kusafirishwa. Mgonjwa hana budi kujua itapimwa wapi, jibu litatoka lini na nani atampigia simu. Jibu likionesha saratani, vipimo vya vipokezi vya homoni huongoza uchaguzi wa dawa. Likionesha hakuna saratani ilhali picha inatia shaka, biopsi hurudiwa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la uchunguzi kukamilika ndani ya siku 60. Hivyo basi, tarehe ya kurudi iandikwe na kukabidhiwa kwa mgonjwa kabla hajaondoka, kwani biopsi haijakamilika mpaka mwenyewe apewe jibu lake.