Breki nyepesi za baiskeli: Usipime gramu tu, pima na mteremko

Kijana mmoja wa nyumbani, ambaye tunafanya naye kazi ya usiku hapa Uingereza, alinunua baiskeli ya milimani ya mtumba. Ilikuwa nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja, na mwenyewe akijisifu kwamba ni aina ile ya mashindano. Jumamosi moja tukaenda nayo kwenye vilima vya Peak District. Tulipoanza kuteremka nikasikia kelele nyuma yangu: "Kaka, breki hazishiki!" Bahati yake kichaka cha miba kilimpokea. Alitoka na michubuko ya mikono na goti.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya, kwani vijana wetu wengi ughaibuni sasa wanapanda baiskeli hizi bila kujua breki zake zinavyofanya kazi.

Breki za haidroliki hazina waya. Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo inasukuma mafuta ndani ya mpira mwembamba mpaka kwenye gurudumu, ambako pistoni kubwa zaidi zinabana pedi mbili juu ya diski ya chuma. Ni kanuni ile ile ya Mfaransa Blaise Pascal ya karne ya 17, inayotumika pia kwenye magari. Ndiyo maana kidole kimoja kinatosha kusimamisha baiskeli, hata kwenye matope.

Katika mbio za milimani, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, kila gramu ina hesabu yake, maana muda mwingi unaliwa na kupanda. Hata Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alipoiwakilisha nchi yake katika mbio hizo London mwaka 2012, kazi kubwa ilikuwa vilima. Kwa hiyo watengenezaji hupunguza chuma: diski ndogo ya milimita 160 au hata 140, yenye matundu mengi, na pistoni mbili badala ya nne.

Lakini chuma kinachopunguzwa ndicho kinachobeba joto. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 90, wanateremka mita 300 kwenda chini. Nguvu inayotakiwa kuzimwa, tukiacha ile inayochukuliwa na upepo na matairi, inatosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 15 hadi karibu 78. Joto lote hilo linaangukia diski mbili, kila moja ikiwa na uzito wa gramu mia moja hivi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo mkono wa breki unafika kwenye usukani na baiskeli haisimami.

Kwa yule kijana wetu kulikuwa na kosa jingine. Fundi alipofungua breki alikuta raba zimevimba na mafuta yanavuja. Kumbe alikuwa ameongeza mafuta ya breki ya gari, yaani DOT, kwenye breki inayotumia mafuta ya madini. Aina hizi mbili hazichanganywi kamwe, kwani kila moja huharibu raba za mwenzake. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, za Hope hutumia DOT. Soma maandishi kwenye mkono wa breki kabla ya kumimina chochote. Tena DOT hufyonza unyevu wa hewa: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ibadilishwe kila mwaka.

Ndugu msomaji, kabla ya kuondoka nyumbani bana breki zote mbili. Ikiwa mkono unagusa usukani, usiende. Kwenye mteremko usiburuze breki muda wote. Bana kwa nguvu, achia, ipate kupoa. Na kama una mwili mkubwa, weka diski ya milimita 180 mbele, mradi fremu na uma vinairuhusu.

Kijana wetu amefanya hivyo. Baiskeli yake imeongezeka gramu kadhaa, na Jumamosi iliyofuata aliteremka kilima kile kile akanisubiri chini.