Askari Aliyenyimwa Ujira Wake

Historia za vita huandikwa kwa majina ya majemadari. Hata farasi wa mkuu wa majeshi hupata nafasi yake kitabuni. Lakini mwanamke aliyewafunga majeruhi vidonda, akawapikia na kuwafulia, huyo hukumbukwa kwa shida. Na akidai mshahara huitwa mkorofi. Leo twapenda kumkumbuka mmoja wao, ambaye yafaa kila mfanyakazi amjue: Bibi Harriet Tubman wa Marekani.

Alizaliwa utumwani karibu na mwaka 1822, katika jimbo la Maryland. Alipokuwa bado kijana, msimamizi mmoja alimrushia mtumwa mwingine jiwe la mizani, likampata Harriet kichwani. Na tangu siku hiyo hata kufa kwake alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla. Mwaka 1849 alitoroka. Angeweza kutulia Kaskazini akala jasho lake kwa amani, lakini alirudi Maryland mara zipatazo 13 akawatoa watu kama 70, na wazee wake mwenyewe wakiwamo. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi, nasi hatutazirefusha.

Tunalotaka kulieleza ni utumishi wake wa jeshi. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipokuwa vikiendelea, mwaka 1862, alikwenda Beaufort katika jimbo la South Carolina, ambako jeshi la Kaskazini lilikuwa limepiga kambi na maelfu ya watumwa wamekimbilia huko. Akawa mwuguzi. Aliwaosha majeruhi, akawauguza wenye ndui, na wenye kuhara damu akawapa dawa za mizizi aliyoichimba mwenyewe. Hapo kwanza alipewa posho kama askari. Wakimbizi wakanung'unika kwamba anapendelewa. Naye bila ya ubishi akaiacha. Basi, baada ya kutwa nzima hospitalini, usiku alioka pai na mikate ya tangawizi, vikauzwa kambini, ili apate chakula chake. Yaani mtumishi wa serikali alikuwa akijilipa mwenyewe ili aitumikie serikali hiyo!

Wala kazi yake haikuwa ya uuguzi tu. Aliongoza kikundi cha wapelelezi, wanaume wenyeji wa mito ile, waliotafuta habari kutoka kwa watumwa wa mashambani na kujua mahali ambapo adui ametega mabomu majini. Tarehe 2 Juni, 1863, pamoja na Kanali James Montgomery na askari Waafrika, alipanda Mto Combahee kwa meli za mvuke. Maghala ya mpunga yakachomwa moto, na watumwa zaidi ya 700 wakakombolewa siku ile ile. Wako majemadari wengi wenye sanamu ambao hawakupata kuwakomboa watu 7.

Na malipo je? Katika muda wote wa vita alipokea kama dola 200 tu, nazo nyingi alizitumia kujenga nyumba ya kufulia, ili wanawake waliotoka utumwani wapate kazi ya kujipatia riziki. Alipokuwa akirudi kwake mwaka 1865, na hati yake ya jeshi mkononi, watumishi wa gari la moshi walimtoa behewani kwa nguvu wakamwumiza mkono. Hiyo ndiyo shukrani iliyompokea.

Aliidai serikali dola 1,800 kwa kazi yake ya uuguzi, upishi na kuongoza wapelelezi. Mwaka 1895 alipewa pensheni ya dola 8 kwa mwezi, si kwa ajili ya kazi yake, bali kwa kuwa mjane wa askari, marehemu Nelson Davis! Mwaka 1899 Kongresi iliongeza ikawa dola 20, kwa kutaja uuguzi. Upelelezi wake haukulipwa hata senti. Tunaona shabaha ya jambo hili. Mke wa askari serikali ilimfahamu. Mwanamke aliye askari haikutaka kumfahamu. Mwaka 2003 Kongresi hiyo iliidhinisha dola 11,750 kufidia pensheni aliyopunjwa, mwenyewe akiwa kaburini miaka 90. Tarehe 11 Novemba, 2024, jimbo la Maryland lilimtunukia cheo cha Brigedia Jenerali.

Katika miaka hiyo yote ya kudai, nyumba yake mjini Auburn haikupata kuwa tupu. Aliwatunza wazazi wake hata mwisho wao, na baada yao yatima, vipofu na wazee wasio na kwao. Walikula alichokipata, na mara nyingi hakikutosha. Mwaka 1896 alinunua mnadani ekari 25 jirani na kwake, akitaka iwe makao ya wazee. Aliposhindwa kubeba gharama alilikabidhi kanisa lake shamba hilo mwaka 1903, kisha akachukizwa sana kusikia kwamba kila mzee atakayeingia atoe dola 100. Yeye alikuwa akiwataka wale wasio na kitu kabisa. Makao yalifunguliwa mwaka 1908. Mwaka 1911, nguvu zikiwa zimemwisha, aliingia humo naye akatunzwa, na humo alifariki tarehe 10 Machi, 1913. Alizikwa Fort Hill kwa heshima za kijeshi.