Kishika Usukani cha Upepo: Kifaa na Jina Lake

Miongoni mwa vifaa vya ubaharia vinavyohitaji jina lililo bayana katika Kiswahili ni ule mtambo unaofungwa tezini mwa mashua za matanga zifanyazo safari ndefu baharini, ambao huuongoza usukani kwa nguvu za upepo na maji bila ya mkono wa mtu wala umeme. Jina linalokuja upesi mdomoni ni "usukani wa kujiendesha". Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini jina hilo halifai, na kwa kuwa istilahi njema huzaliwa na ujuzi wa kitu chenyewe, hatuna budi kuanza na utendaji wa mtambo huu.

Mtambo huu una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni bawa, yaani ubao mwepesi uliosimamishwa wima na kuelekezwa hivi kwamba upepo huupiga ukingoni tu. Ya pili ni kasia linaloning'inia majini nyuma ya mashua. Ya tatu ni kamba mbili zipitazo katika makapi hadi kwenye kana ya usukani. Mashua ikipotoka, upepo hulipiga bawa ubavuni, nalo hulala. Kulala kwake hulizungusha kasia kidogo. Maji yapitayo kwa kasi hulisukuma kasia upande, kamba zikavutwa, na kana ikageuka. Mashua irudipo, bawa huinuliwa na uzito uliofungwa chini yake, na kana hurudi mahali pake. Kwa hiyo upepo hutoa amri tu. Nguvu hutoka katika mwendo wa chombo.

Vifaa vya namna hii vilipata sifa mwaka 1960, katika mashindano ya kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mtu peke yake chomboni. Francis Chichester alishinda kwa siku 40, na H. G. Hasler akawa wa pili kwa siku 48. Wote wawili waliongozwa na bawa la upepo.

Hata hivyo, mtambo huu haumwondolei baharia kazi ya kusawazisha matanga. Kwanza huiweka mashua katika njia yake kwa mkono, akalegeza au kukaza demani, na akapunguza tanga ikiwa kana ni nzito. Kana ikishikika kwa vidole viwili, ndipo alielekeze bawa kwenye upepo na kuzifunga kamba. Robin Knox-Johnston, aliyeizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini mwaka 1968 hadi 1969, mtambo wake ulivunjika njiani. Lakini mashua yake, Suhaili, ilikuwa na mizani njema ya matanga, naye akaimaliza safari.

Yafaa pia kutofautisha upepo halisi na ule tutakaouita "upepo wa chomboni". Upepo ukivuma kwa maili 10 za bahari kwa saa, na mashua ikienda mbele ya upepo kwa maili 5, bawa huhisi maili 5 tu. Ndiyo sababu mtambo hulegea katika pepo hafifu za nyuma.

Sasa twende kwenye jina. Mtambo huu haujui kaskazini wala kusini. Huilinda pembe iliyopo baina ya chombo na upepo, basi. Upepo ukigeuka nyuzi 30, mashua nayo hugeuka nyuzi 30, matanga yakiwa yametulia kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, baada ya saa 6 chombo kitakuwa mbali na mahali palipokusudiwa kwa kiasi cha maili 15. Baharia aliyelala kwa kuamini kwamba usukani "unajiendesha" aweza kuamshwa na mwamba. Jina lisilotaja upepo huficha hatari hii.

"Kifuata upepo" nalo lina kasoro, maana kufuata upepo huweza kueleweka kuwa ni kwenda nao, hali mtambo huu huongoza hata chombo kinachokwenda joshi. Tunapendekeza tufuate mfano wa "kipaza sauti" na "kinasa sauti", tuseme "kishika usukani". Kisha tutaje bwana anayetiiwa. Mtambo huu uwe "kishika usukani cha upepo", na ule wa umeme unaofuata dira uwe "kishika usukani cha dira". Sehemu zake ziitwe bawa, kasia na kamba za kana.

Haya ni mapendekezo. Manahodha na mabaharia wa pwani, ambao wamerithi maneno ya kana, demani na joshi, ndio mahakimu wetu wa kwanza, na tunawaomba watuletee maoni yao.