Kupanga Kiwango cha Sauti katika Mtihani wa Kusikiliza

Miongoni mwa stadi nne za lugha, kusikiliza ndiko kunakotegemea mashine zaidi. Ni kawaida kumwona mwalimu wa Kiswahili hapa Juba ameshika simu iliyounganishwa na spika, akipandisha na kushusha sauti kila jenereta la jirani linapoanza kunguruma. Kwa zoezi la darasani hakuna ubaya. Kwa mtihani ni dhuluma, maana kundi la asubuhi na kundi la alasiri huwa hayakusikia kitu kimoja.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wanafunzi wetu kuliko kwa wenzao wa Dar es Salaam. Kidinka hakina s, sh, f wala z. Aliyekulia katika Kidinka hana budi kulizoeza sikio lake kutofautisha suka na shuka. Kiarabu nacho hakina v, hivyo fua na vua huweza kumchanganya anayezungumza Kiarabu cha Juba. Sauti hizi ni vikwamizo (wengine huviita vikwaruzo), na kwa kawaida vikwamizo visivyo ghuna, hasa f, ni dhaifu kuliko irabu. Sauti ikiwa ndogo, irabu husikika na kikwamizo humezwa na kelele. Ikiwa kubwa kupita uwezo wa spika, spika hukwaruza na mikwaruzo hiyo hufanana na s. Mwanafunzi akikosa hapo, hatujui kama tumepima Kiswahili chake au spika yetu.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kuondoa mkono wa mwalimu katika shughuli hiyo. Kifaa chenyewe ni Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Hutumia umeme wa volti 5, na miundo isiyohitaji umeme mwingi huweza kuendeshwa kwa betri ya kuchajia simu, jambo ambalo si dogo hapa kwetu. Muundo wa 3B na wa 4B ina tundu la kuchomekea waya wa spika. Wa 5 na wa Zero haina, nayo huhitaji kadi ya sauti ya USB.

Kompyuta hii hutumia mfumo wa Linux, na kiwango cha sauti hupangwa kwa amri iitwayo amixer. Kwanza andika:

amixer scontrols

Utapata majina ya vidhibiti vilivyopo, kwa mfano Master, PCM au Headphone. Tuseme umekuta PCM. Wengi huandika hivi:

amixer sset PCM 50%

Hapa ndipo penye mtego. Msomaji atadhani amepata nusu ya sauti, kumbe amepata karibu na ukimya! Kidhibiti cha tundu la Raspberry Pi huanzia desibeli -102.39 hadi +4, na asilimia hugawanya masafa hayo sawasawa. Asilimia 50 huangukia kwenye desibeli -49 hivi. Sikio la binadamu halihesabu namna hiyo: sauti ikishuka kwa desibeli 10 tu, msikilizaji huihisi imepungua kwa takriban nusu. Kwa upande wa juu, desibeli 0 ipo kwenye asilimia 96, na ukipita hapo rekodi yenye sauti kubwa huanza kukwaruza. Kwa hiyo ni afadhali kutaja desibeli zenyewe.

Amri hizo huandikwa katika skripti, yaani faili la maandishi ambalo kompyuta hulitekeleza mstari kwa mstari. Mfano, faili mtihani.sh:

#!/bin/bash
amixer -- sset PCM playback -10dB
aplay maelekezo.wav
sleep 5
amixer -- sset PCM playback -6dB
aplay swali1.wav
sleep 20
aplay swali1.wav

Vistari viwili baada ya amixer huizuia kompyuta kudhani kwamba -10dB ni chaguo la amri. Amri ya aplay hucheza rekodi hadi mwisho ndipo mstari unaofuata uanze, na sleep huhesabu sekunde za kuandika jibu. Skripti huanzishwa kwa kuandika bash mtihani.sh, na makundi yote mawili hupata kiwango kilekile, ukimya uleule na marudio yaleyale.

Skripti hii hairekebishi rekodi zilizonaswa kwa viwango tofauti. Mwalimu mmoja husoma karibu na kipaza sauti, mwingine mbali. Zisawazishe kabla ya mtihani kwa programu ya sox:

sox --norm=-3 ghafi.wav swali1.wav

Hapo kilele cha kila rekodi kitakuwa desibeli -3. Usifanye hivyo kwa rekodi ambayo tayari imekwaruza. Hiyo irekodiwe upya.

Kiwango cha -6 nilichotaja ni mfano tu. Kichagueni chumbani mwenyewe, madirisha yakiwa wazi na jenereta likiwaka, mmoja wenu akikaa safu ya nyuma huku mwingine akicheza jozi kama suka na shuka bila kumwonyesha maandishi. Akishindwa kuzitofautisha, pandisheni kwa desibeli 2 na kurudia, bila kuvuka 0. Mkifika 0 naye bado hasikii, tafuteni spika ya pili ya kuweka nyuma ya chumba.